Kichwa cha Fundi Saa

Tarehe 4 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na redio yako bado inanguruma kiasi cha mtaa mzima kupata habari za dunia bure. Sisi hatujambo. Mjukuu ameota meno na anamng'ata kila mtu isipokuwa mimi, maana tunaheshimiana. Wifi yako presha imeshuka, ila ananuna, na sababu ya kununa kwake utaikuta hapo chini. Saluni nimemwachia mkwe wangu kabisa. Anawanyoa watu kana kwamba anamenya viazi, lakini magoti yangu yamekataa kusimama kutwa, kwa hiyo nafumba macho.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Pale mkabala na saluni kuna kituo cha jamii, na ndani yake kuna darasa la watu wazima la kufinyanga sanamu. Mwalimu wao ni kijana mwenye shanga shingoni. Alikuja kunyolewa, akaniambia nina kichwa kizuri, niende nikakae kitini wanafunzi wake wakifinyange. Nikaenda, kwa kukosa la kufanya. Dada, sijawahi kuona kundi la watu wasiojiweza namna ile. Mabibi wawili walikuja kupiga domo tu, na udongo wao ulikaa mezani ukiwasikiliza. Aliyekuwa karibu yangu ni meneja wa benki mstaafu, mtu wa tai, na yeye alinifinyangia masikio mawili, yote ya kulia.

Nilivumilia mpaka alipofika kisogoni. Hapo nikainuka kitini, nikamsogeza, nikatia dole gumba kwenye udongo. Na nilijua pa kupita. Sijui nikueleze vipi. Mkono ulishuka toka utosini mpaka shingoni bila kuniuliza.

Nimeshika vichwa vya watu maisha yangu yote, na kila jioni nimefagia kazi yangu nikaitupa jalalani. Hiki kilibaki mezani. Asubuhi yake nikarudi kukitazama na bado kilikuwa pale. Nililia, na wala sioni haya kukuambia. Tangu hapo naenda kila siku darasa likifunguliwa, na beseni ninalowekea udongo ni lile la wifi yako la kufulia, ndiyo maana ananuna.

Nataka kufinyanga kichwa cha Baba. Baba akiwa kazini, ameinamia saa za watu, kile kioo chake cha kukuza kimemkunja jicho. Picha yake unayo wewe. Naomba unitumie.

Mdogo wako.


Tarehe 26 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, nikavua miwani nikaifuta, nikaisoma tena, nikidhani kosa liko kwenye miwani. Mimi ni mzima. Goti linauma wakati wa baridi tu, na mwanangu mfamasia anadhani dawa ya kila jambo ni kunitumia vidonge badala ya kuja mwenyewe. Redio inanguruma, ndiyo. Nimeishi utotoni kwenye nyumba ya kunong'ona, eti Baba anafanya kazi, sasa nasikiliza kwa sauti ninayoitaka.

Nimekuwa msimamizi wa bweni la wasichana mpaka nikastaafu, na mtu aliyekosa shughuli namtambua kwa nyayo zake tu akipita koridoni. Wewe umekosa shughuli. Wenzako wa rika lako wanafuga kuku. Wengine wanakaa kibarazani wakikosoa serikali. Wewe umeona ukae na meneja wa benki mkichezea matope, na wifi yangu maskini aoshe nguo kwenye ndoo. Umelia, unasema. Kwa sababu kitu kilikuwa mezani asubuhi. Sufuria zangu ziko mezani kila asubuhi, sijawahi kuzililia.

Na katika vichwa vyote vya dunia ukachagua cha Baba! Umesahau mtu huyo alivyokuwa? Baba alikuwa na hukumu mbili tu, na alizitumia kwa saa, kwa watu na kwa chakula. Kitu kikimridhisha alikisikiliza sikioni, akasema, "Itatembea." Kisipomridhisha alisema, "Katupe." Siku uliyomnyoa kwa mara ya kwanza, ukiwa umejifunza wiki nzima kwenye vichwa vya watoto wa jirani, alijitazama kiooni akakupa hukumu ya tatu, ambayo hakuwahi kumpa mtu mwingine. "Nywele zitaota." Unadhani angesimama mbele ya hilo dongo lako akasema nini?

Picha iliyopo ni ile ya kitambulisho, ambayo amekodoa macho utadhani amekamatwa. Haitoki humu ndani.

Msalimie wifi. Mwambie beseni alidai.

Dada yako.


Tarehe 19 Machi

Dada,

Shikamoo. Wote wazima. Beseni limerudi kwa mwenyewe, nimenunua langu, kwa hiyo nyumbani kuna amani ya wasiwasi.

Asante kwa kunikumbusha "nywele zitaota." Nilikuwa nimepitisha karibu siku nzima bila kuikumbuka.

Picha kaa nayo. Nimeanza bila picha. Mwenye Shanga alinikuta nimefinyanga kisogo tu wiki nzima na mbele bado ni donge tupu, akaniambia watu huanza na uso. Nikamwambia watu hao hawajawahi kupata riziki kwa kichwa cha mtu. Hupenda kutuambia tuuache udongo useme. Wangu hausemi, na siku ukisema utamwambia atoke nje. Meneja amehamia kwenye visahani vya majivu, ingawa hakuna avutaye sigara ukoo mzima. Mabibi wanasema ninajidai. Najidai, ndiyo. Nimewazidi.

Ila nikuambie ninachokitaka, usije ukasema nilizunguka. Duniani tumebaki wawili tuliomjua Baba. Mwenye Shanga akikisifu kichwa, anasifu mtu asiyemjua. Wifi yako alimwona mara moja, kwenye harusi, na alikuwa anaangalia chini. Hakuna mwingine wa kuniambia kama huyu ni yeye au si yeye. Nikikimaliza nitakuletea wewe. Sitaki sifa. Nataka neno moja kati ya yale mawili. Ukisema "katupe," nitakitupa na nitaacha, maana nitajua mikono hii ilikuwa ya kunyolea tu.

Mdogo wako.


Tarehe 30 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Najua ulidhani nimekufa. Sikufa, sikutaka kujibu. Hapa paa la jikoni lilivuja na fundi akaja kuliziba mahali pasipovuja. Mengine ni yale yale.

Unajitia mnyenyekevu, eti hutaki sifa. Wewe unayataka yale mawili kwa sababu unatumaini ni lile la kwanza. Mtu mwenye ndevu nyeupe bado anasubiri baba yake amwambie vizuri, na kwa kuwa baba amekwisha kwenda zake, umetafuta wa kukaimu.

Basi sikiliza. Unaniomba neno ambalo mimi mwenyewe sikupewa. Wewe ulikuwa unafukuzwa pale mezani ukaenda kucheza. Mimi ndiye niliyebaki nimesimama mbele yake nikimshikia taa, mkono ukifa ganzi, nikiokota viskurubu vilivyoanguka kwa ncha ya kidole kilicholowa mate. Nilijua kila saa ilikuwa na nini. Siku moja hakuwepo, nikaifungua saa ya mezani ya jirani iliyokuwa imelala pale wiki nzima, nikaitengeneza, nikaifunga, ikaenda. Aliporudi akaichukua akaiweka sikioni. Akaisikiliza muda mrefu sana. Kisha akaiweka chini, akaniambia nikalete chai.

Sikugusa saa tena. Nikaenda kusimamia mabweni.

Kwa hiyo usinipe kazi ya kugawa nisichokuwa nacho. Endelea na matope yako. Mpe meneja akuhukumu.

Dada yako.


Tarehe 12 Julai

Dada,

Shikamoo. Wote wazima, mjukuu anatembea kwa kushika kuta.

Ile habari ya saa ya jirani sikuijua. Nimeisoma mara nyingi.

Kichwa kimetoka tanurini bila ufa. Kile cha mwisho cha meneja kilipasuka vipande, maana hakukikomba ndani kama tulivyofundishwa, akakichoma kizima kizima. Nilimpa pole nikiwa nimeuma mashavu nisicheke.

Umesema hutaki, lakini nakuletea hivyo hivyo. Kimefungwa kwenye blanketi la wifi yako (ananuna tena) ndani ya sanduku la mbao, na kitafika kwa gari la mizigo. Nimeandika "Juu" upande wa juu. Kwa jinsi ninavyowajua wachukuzi, kitakufikia kimelala kifudifudi.

Nangoja.

Mdogo wako.


Tarehe 9 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Mzigo umefika, na kweli ulikuwa kifudifudi. Goti halijambo. Fundi wa paa amerudi, safari hii ameleta na mwenzake wa kumsaidia kukosea.

Nilikiweka mezani, nikafungua dirisha, nikavaa miwani. Nilikusudia kuwa mwenye haki, kama nilivyokuwa nikikagua vitanda vya wasichana.

Kwanza, anatabasamu. Baba hakuwahi kutabasamu humu ndani, na kama alitabasamu kwingine, hatukualikwa. Pili, jicho. Kile kioo cha kukuza alikibana jicho la kulia. Ndilo lililokuwa dogo, lenye mikunjo mpaka shavuni, hata akiwa amelala ungedhani bado anachungulia gurudumu. Wewe umekunja la kushoto! Kovu la kwenye nyusi umelihamisha. Pua imepinda upande usio wake. Nimeusimamia uso ule kwa taa miaka na miaka, hakuna mtu wa kunidanganya. Kinyozi mzima hajui kulia na kushoto, nashangaa wateja wako walikuwa wanatoka na masikio yote. Ulimcheka meneja kwa masikio mawili ya kulia. Yeye alikosea sikio moja. Wewe umehamisha nyumba nzima.

Umeniletea mtu anayefanana na Baba kwa mbali, aina ya binamu anayetokea kwenye shughuli bila kualikwa na kumtabasamia kila mtu. Sikuweza kula naye chumba kimoja. Nimempeleka stoo, nimemfunika gunia.

Ulitaka neno, na nilikukataza usilitake. Katupe.

Dada yako.


Tarehe 2 Septemba

Dada,

Shikamoo.

Wifi yako aliificha barua yako siku kadhaa, akanipa baada ya kunilisha. Nilikwenda kuisoma saluni, mkwe akiwa hana mteja. Nikakaa kwenye kiti cha kunyolewa, ambacho sikuwahi kukikalia tangu nikinunue. Nikasoma mambo ya jicho, nikakukasirikia sana, nikainua kichwa, na mbele yangu nikajiona kiooni na barua mkononi. Barua nilikuwa nimeishika kwa kulia. Yule wa kiooni, ukimhesabu kama mtu aliyekaa mbele yako, aliishika kwa kushoto.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mimi Baba sikuwahi kumwona uso kwa uso. Pale mezani nilifukuzwa, umesema mwenyewe. Nilimkaribia siku za kumnyoa tu, yeye amekaa mbele ya kile kioo cha kabati, mimi nimesimama nyuma yake. Nilikuwa namwogopa. Nilimtazama humo kiooni kwa sababu nilidhani humo hanioni. Uso ninaoujua ndio huo, sina mwingine. Nimeutoa kichwani kama ulivyo nikauweka kwenye udongo, na mikono haikuniambia kwamba nauweka kinyume.

Na lile si tabasamu. Ndivyo alivyokuwa akibana midomo nywele zisimwingie kinywani.

Sijitetei. Makosa ni makosa, na hukumu nimeipata. Kivunje, usihangaike kukirudisha. Udongo uliobaki nimempa Mwenye Shanga, naye akasema maneno marefu ambayo sikuyasikiliza. Beseni nimempa wifi yako, sasa anayo mawili. Nimerudi saluni. Siwezi kusimama, lakini kufagia naweza.

Mdogo wako.


Tarehe 11 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Nakujibu upesi, usije ukazoea.

Nimesoma malalamiko yako. Mwanamume mwenye mjukuu anamwachia meneja wa benki uwanja, anakumbatia ufagio, eti kwa sababu dada yake amemsema. Wasichana wangu wa bweni niliwasema vibaya zaidi kabla ya chai ya asubuhi na wakaenda kufanya mitihani.

Na hiyo hadithi ya kioo sikuiamini. Nilisema, huyu anatafuta pa kutokea. Nikasema nitamwonyesha. Nikaenda stoo, nikatoa gunia, nikakibeba mpaka chumbani na goti langu hili. Lile kabati ninalo bado, mlango wake bado haufungi, na kioo ni kile kile chenye doa pembeni. Nikaweka kigoda mbele yake, nikaweka kichwa juu ya kigoda, kimetazama kioo, kama alivyokuwa akikaa. Nikasimama nyuma, uliposimama wewe, ili nikuandikie kwamba wewe ni mwongo.

Kitu cha kwanza, sikuwa nimekitazama kwa nyuma. Nilikuwa nimeshughulika na uso. Ile mikunjo miwili ya shingo iko mahali pake. Kile kijinundu nyuma ya sikio, ambacho nilikuwa nimekisahau kabisa, kipo. Kichwa kimeinama kidogo kulia, na bega ambalo hukulifinyanga ningeweza kukuonyesha lilipo.

Kisha nikatazama kioo. Jicho la kulia, dogo, lenye mikunjo. Kovu limerudi. Pua imerudi. Kila kitu kilikuwa upande wake, kama nilivyokiona nikiwa nimesimama ng'ambo ya meza na taa. Na midomo imebanwa. Nilijua hata anataka kusema nini. Alitaka nisogeze taa.

Nikatoka nikaenda kuosha vyombo, maana sina muda wa mambo haya.

Baadaye jirani akaja kuazima nyundo. Unaijua sauti yake, anaanza kuongea akiwa kwake na anaingia kwako katikati ya sentensi. Nikamwahi mlangoni, nikamwambia, "Punguza sauti, tafadhali."

Akashtuka, akanong'ona, "Kuna mgonjwa?"

Nikamjibu, "Hapana. Kuna mtu anafanya kazi."

Mpaka alipoondoka na nyundo ndipo nikasikia nilichokisema. Nikasimama jikoni. Nyumba ilikuwa kimya, na redio ilikuwa imezimwa. Niliizima mimi, hapana mwingine humu ndani, lakini sikumbuki nilipoizima. Nilivaa kandambili na nilikuwa nimezivua, nimezishika mkononi, nisipige kelele sakafuni. Kwa umri wangu huu! Nimekaa nikalia, na wewe ukimwambia mtu nitasema ulitia chumvi.

Sasa nisikilize. Nenda kwa huyo mtoto wa shanga ukachukue udongo wako kabla meneja hajaugeuza visahani. Beseni moja liombe kwa wifi, kwa adabu. Kichwa hakirudi huko, usiniulize, kina mahali pake na mahali pake ni mbele ya kabati. Uso usije ukaugusa ukija, kwa kisingizio cha kurekebisha. Uache kinyume hivyo hivyo. Na usivimbe kichwa, masikio bado ni makubwa mno, hata kwa Baba.

Nilikuambia sina neno la kugawa, na kweli sikupewa. Nimeamua sitamngoja tena anipe. Nilikwenda chumbani, nikainama, nikatega sikio kwenye udongo wako kama mwendawazimu, kisha nikalisema kwa sauti, naye amekaa pale akisikia:

Itatembea.

Dada yako.